Muziro wa Jonesia

Wiki iliyopita mwanangu alifungua pakiti ya biskuti karibu na pua yangu, na kabla sijaona kilichomo nikawa nimerudi darasa la nne. Ilikuwa ile harufu ya vanila iliyochanganyika na wino wa karatasi. Sitasema uongo kwamba machozi yalinilengalenga. Nilichofanya ni kumnyang'anya mtoto pakiti, nikaingiza vidole ndani nikapekua mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Siku hizi kwenye biskuti wanaweka biskuti tu.

Sisi tulinunua biskuti kwa ajili ya kadi. Biskuti zenyewe wakati mwingine tuliwapa kuku. Kadi ilikuwa na ukubwa wa kiganja, ngumu, inang'aa, na upande mmoja ilikuwa na picha ya dude ambalo hakuna mtu aliyewahi kukutana nalo: nyoka mwenye mikono, mbuzi anayetema moto, kobe mwenye nyumba mgongoni na moshi ukitoka jikoni. Chini ya picha zilikuwepo alama tatu, ngumi, mguu na jicho, na mbele ya kila alama namba. Ngumi ni nguvu, mguu ni mbio, jicho ni akili. Maandishi mengine yote yalikuwa ya kigeni, hata mwalimu wetu wa Kiingereza aliyatazama akayageuza juu chini, akaturudishia akisema tusimchezee.

Kwa hiyo majina tuliyatoa wenyewe. Dude lenye mdomo mpana na kiuno kikubwa tuliliita Mama Mkwe. Mjusi aliyebeba shoka alikuwa Mgambo. Na yule simba mwenye mabawa, nguvu tisini na nane, mbio tisini, akili themanini na saba, tulimwita Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa alikuwa mmoja tu kijiji kizima, na mwenye kadi hiyo alikuwa Jonesia.

Jonesia na mama yake walikuwa wapangaji wetu. Mama yake alikuwa nesi hospitalini Nyakahanga, mwenyeji wa Muleba, mwanamke mrefu, mpole, ambaye kila asubuhi alipita katikati ya migomba yetu na sare yake nyeupe bila kupata hata doa, jambo ambalo mimi sijaliweza mpaka leo. Walikuwa wawili tu. Baba wa Jonesia hakutajwa, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliwaza kwamba baba za watu wengine wanafanya kazi mbali. Kila mwisho wa mwezi Mama Jonesia alimletea mwanawe pakiti tano za biskuti kutoka mjini Kayanga. Tano! Mimi nilipata moja Krismasi na moja nikiugua malaria, na malaria yenyewe iwe kali.

Wachezaji wa kudumu tulikuwa watatu: mimi, Jonesia, na jirani yetu Novatus, aliyekuwa mwembamba na mwenye kununa upesi. Tulicheza kando ya mikeka ya kahawa, kwa sababu kazi yetu baada ya shule ilikuwa kuinga kuku wasiitifue. Mmoja anaweka kadi yake, mwingine anaweka yake, aliye na zamu anataja "ngumi" au "mguu" au "jicho", na mwenye namba kubwa anazoa zote mbili. Mpaka leo nikisikia kahawa mbivu inavyonuka ikianza kukauka, ule utamu wenye uchachu, mkono wangu unatafuta kadi.

Lakini tulikuwa na sheria moja ambayo nadhani haikuwepo kokote duniani isipokuwa kwetu. Huku kwetu kila ukoo una muziro wake. Ni mnyama, au ndege, au hata ng'ombe wa rangi fulani, ambaye watu wa ukoo huo hawamli, hawamuui, na wakikutana naye njiani humpisha. Mtoto huupata muziro kwa baba yake. Wenye muziro mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama mmoja ametoka kijiji cha mwisho cha Kyerwa na mwingine Igurwa na hawajawahi kuonana. Sasa sisi tulipopewa madude yenye pembe na mikia, tungeyachezaje bila kujua nani anamheshimu nani? Tuliona ni jambo la wazi kabisa. Mpinzani akiweka kadi yenye dude linalofanana na muziro wako, hata liwe na nguvu mbili, wewe umekwisha. Unaweka kadi yako chini kwa mikono miwili, unasema "Nimeheshimu", unarudi nyuma.

Mimi wetu ni ngabi, yule swala wa vichakani, na madude yenye umbo la swala yalikuwa machache, kwa hiyo nilikuwa salama. Novatus wao ni nyani. Masikini Novatus! Walioyachora yale makadi walipenda manyani kuliko kitu chochote. Yalikuwepo manyani yenye mabawa, manyani ya barafu, manyani yenye jicho moja. Huyu mtoto aliheshimu mpaka akabaki na kadi nne.

Jonesia alipoulizwa muziro wake siku ya kwanza alisema, "Sijui."

"Kamuulize mama yako," Novatus akamwambia.

Kesho yake akarudi. "Mama kasema niulize mambo ya shule."

Basi muhula mzima akacheza hivyo hivyo, hana muziro, hana pa kushikwa. Akiweka Bwana Mkubwa, hakuna wa kumgusa. Novatus alilalamika kila siku. "Huyu anatuonea. Kila mtu anao. Hata mwalimu mkuu anao. Hata mchungaji anao!" Jonesia alizipanga tu kadi zake, na mimi nikadhani anaringa. Siku moja tu, tukiwa wawili tunarudi kutoka kisimani, aliniuliza kama mtu anaweza kuzaliwa bila muziro. Nikamwambia haiwezekani, labda awe kuku wa kizungu. Alicheka kidogo. Leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu.

Akili yangu ya wakati ule ilikuwa imejaa kadi. Niliamini Mama Jonesia anaujua vizuri sana muziro wa mwanawe, ila anauficha makusudi ili mtoto asishindwe. Nilimheshimu kwa ujanja huo. Nikaamua kuutafuta mwenyewe, kwa njia ambayo mtu yeyote wa kwetu angeitumia: nikaanza kuchunguza kisicholiwa nyumbani kwao.

Hapa lazima nimlete Shangazi Auleria, dada yake baba, aliyekuwa anaishi nasi baada ya ndoa kumshinda, ingawa mwenyewe alisema yeye ndiye aliyeishinda. Shangazi alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde na mkono mkarimu. Akipika kitu kizuri, wapangaji hawakukosa, na mpelekaji alikuwa mimi. Maharage ya nazi yalikwenda, bakuli likarudi limeng'aa. Ndizi na nyama ya mbuzi, likarudi limeng'aa. Senene, likarudi na shukrani. Siku alipopita muuza samaki na pikipiki, Shangazi akapika sato kwa nyanya na vitunguu, nikapeleka. Mama Jonesia alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie Shangazi asante sana, mwanangu." Kisha, nikiwa nimejibanza kwenye mgomba, nikamwona akitoka mlango wa nyuma akampa bakuli zima mama wa jirani.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu nikamwambia Shangazi.

"Mtu wa Muleba asiyekula samaki!" akashangaa. "Amezaliwa mguu mmoja uko ziwani! Hilo nalo jipya." Akaendelea kukwangua kitako cha sufuria. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Watu wote wa kule wanakula samaki, yeye hali. Isingekuwa sababu nyingine ila kuuheshimu muziro wa mwanawe.

Kwenye kadi zangu kumi na moja nilikuwa na samaki mmoja, sangara mwenye miguu ya bata, nguvu kumi na mbili. Ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote kijijini, hakuna aliyekubali hata kumchukua kwa biskuti iliyovunjika. Ijumaa ile tuliketi kando ya mikeka kama kawaida. Jonesia akaweka Bwana Mkubwa. Nikaweka sangara wangu.

Novatus akaangua kicheko. "Umechoka kuishi?"

"Samaki," nikasema. "Ni muziro wake."

Jonesia akaniangalia. "Nani kakwambia?"

"Mama yako hali. Nimempelekea mara tatu, mara tatu hakula. Watu wa Muleba wote wanakula. Kwa nini yeye hali?"

Jonesia akamtazama sangara. Nadhani alikuwa anazipitia siku zote alizokula na mama yake, akitafuta samaki katika sahani, asimpate. Nilijiandaa kwa ubishi. Badala yake aliuliza polepole, "Kwa hiyo ninao?"

"Unao."

Akasimama. Hakuna kati yetu aliyewahi kusimama. Akamchukua Bwana Mkubwa kwa mikono miwili, akamlaza mbele ya lile sangara langu la ovyo, akasema, "Nimeheshimu." Alilisema vizuri kuliko sisi wote. Kisha akaanza kurukaruka kandokando ya mkeka, akatifua kahawa kuliko kuku kumi, na Novatus naye akaruka, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu mwingine wa kuonewa. Mimi sikuruka. Mimi nilikuwa namtazama Bwana Mkubwa kwenye kiganja changu.

Jumamosi mchana nilikuwa namenya ndizi na Shangazi, tumbo limejaa furaha, Mama Jonesia alipoingia uani na sare yake ya kazi. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama.

"Shangazi, naomba tuzungumze."

"Karibu, waitu, mwenzetu. Keti."

"Huyu mtoto wenu kamwambia Jonesia kwamba muziro wake ni samaki."

Shangazi akaacha kisu hewani. "Mawe! Mama yangu! Umeutoa wapi, wewe kaisiki, kasichana wewe?"

"Yeye hali samaki," nikasema, nikinyoosha kidole kama shahidi mahakamani.

Niliinuka nikimbie, Shangazi akanishika sketi. "Kaa hapo hapo. Usikie ulichokifanya."

Mama Jonesia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sare ile nyeupe ikagusa majani na maganda ya ndizi, naye hakujali, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Nilikuwa na kaka yangu," akasema. "Ndiye aliyenisomesha. Nilipopata ujauzito baba yetu alinifukuza, kaka akanichukua. Jonesia alipozaliwa, aliyempokea mikononi ni yeye, maana mwenye mtoto hakuja siku ile na hajaja mpaka leo. Alikuwa anavua. Mtumbwi ukazama, tukampata siku ya tatu. Baada ya matanga nikaletewa samaki. Nikamwangalia yule samaki, nikajiuliza amekula nini. Tangu hapo siwezi. Si muziro. Ni mimi tu."

Shangazi akakishusha kisu magotini.

"Asubuhi hii nilikuwa namsuka," Mama Jonesia akaendelea, sasa machozi yanashuka, "anaimba. Ananiambia, mama, kumbe ninao. Kumbe ulikuwa unanitania. Muziro unatoka kwa baba, na mimi baba wa kumpa sina. Nikimwambia si kweli, badala yake nitampa nini?"

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akiuliza swali huku kweli hana jibu. Nilidhani wakubwa huuliza ili kutupima. Mikono yangu ilikuwa na utomvu wa ndizi, inanata, na sikujua niiweke wapi.

Shangazi akachukua ndizi nyingine, akaanza kumenya taratibu. "Na wewe Mama Jonesia," akasema, "unafikiri miziro mingine ilianzaje?"

"Sijui."

"Wala mimi sijui. Lakini yule wa kwanza wa kwetu aliyekataa ngabi, unadhani alisoma kwenye karatasi? Alikuwa na kilio chake. Watoto wakaona hali, nao wakaacha. Wajukuu wakakuta haliwi. Ndiyo sisi hao." Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Huo muziro wako una miaka mingapi?"

"Saba."

"Mchanga. Lakini yote ilikuwa michanga."

"Watu watasema hautoki kwa baba."

"Waseme. Baba alikuwepo? Mjomba ndiye aliyekuwepo. Basi ni wa mjomba." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ile ya kuita ng'ombe ikarudi. "Na wewe! Umemnyang'anya nini mwenzako?"

Nikamtoa Bwana Mkubwa kwenye mfuko wa sketi.

"Umeshinda kwa msiba wa watu. Kamrudishie. Na ukimfumbulia mdomo kuhusu haya uliyosikia, utakwenda kulala na mbuzi."

Nililia njia nzima ya hatua thelathini mpaka mlangoni kwao. Ningependa kuandika kwamba nilimlilia yule kaka aliyezama. Nilimlilia Bwana Mkubwa. Huruma ilikuja baadaye, vipande vipande, na vingine vimenifikia nikiwa tayari na watoto wangu.

Jonesia alikuwa ameketi kizingitini, nywele zimesukwa upande mmoja tu. "Chukua," nikamwambia. "Shangazi kasema mtu akitambuliwa muziro, siku ile hachukuliwi kitu."

Akanitazama kwa mashaka. "Mbona hamkuwahi kuisema sheria hiyo?"

"Hakuna aliyewahi kutambuliwa uwanjani. Wote tulikuja nao."

Hilo likamwingia akilini. Akampokea Bwana Mkubwa, akafikiri, kisha akaniomba yule sangara, kwa sababu, alisema, haifai muziro wa mtu uzurure mikononi mwa watu. Nikampa. Sheria ile niliyomsingizia Shangazi ndiyo ilikuwa uongo wangu wa kwanza wa maana, na niliusema nikiwa na kamasi mpaka mdomoni.

Kuanzia siku hiyo Shangazi alitenga sufuria ya samaki, akaifunga uzi mwekundu kwenye mkono. Jonesia akija kula kwetu, sufuria ile haikusogezwa jikoni. Muuza samaki akipiga honi huku Jonesia yupo uani, Shangazi alikuwa anamfukuza kwa ishara za mkono kana kwamba ameleta nyoka. Baba yangu, mzee wa kanisa na mpenzi mkubwa wa sato, alinung'unika mara moja tu, akaambiwa akale kwa mchungaji. Na Novatus akatafuta kadi za samaki kila duka mpaka Nyakasimbi.

Miaka miwili baadaye Mama Jonesia alipata uhamisho wa kwenda Kyerwa. Hatukupotezana. Jonesia alipomaliza kidato cha nne mama yake alimweleza yote, naye akanipigia simu usiku huo huo. Nilipoona jina lake nikajua, nikakaa chini kabisa.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilikuwa najua."

"Na Bwana Mkubwa ulimrudisha kwa moyo wako?"

"Nililazimishwa."

Alicheka mpaka salio likamwishia. Sikuthubutu kumuuliza kama sasa atakula samaki.

Majuzi hapa amechumbiwa, kule kule Kyerwa. Upande wa mama yake watu wamebaki wachache, na wa baba hawakuwahi kuwepo, kwa hiyo siku ya kupokea wakwe aliyekaa kama mzee wa upande wetu alikuwa baba yangu. Wanaume walikuwa sebuleni na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanawake tulikuwa chumbani nyuma ya pazia na bibi harusi, Shangazi akisimamia kila kitu na kila mtu. Mazungumzo yalikwenda vizuri, mizaha, vigelegele, mpaka mzee wa upande wa mwanamume, mtu wa makamo ya babu, akakohoa akauliza swali ambalo lazima liulizwe kabla ya mahari.

"Na binti muziro wake nini, waitu? Tusije tukaozesha ndugu."

Wazee wa kule wanazijua koo zote kwa kichwa, na miziro yote. Baba yangu alikuwa amenyimwa sato miaka miwili kwa ajili ya jibu lile, lakini nilimsikia akisafisha koo mara ya kwanza, na ya pili, na neno halitoki. Jonesia alinishika mkono, kucha zikaniingia. Shangazi akajiinua ajibu.

Mama Jonesia alimzuia kwa kiganja. Mama wa binti hasemi mahali pale, si desturi. Akasimama, akasogea mpaka kwenye pazia bila kulifungua.

"Samaki," akasema. "Ulianza kwa mjomba wake. Aliitwa Deusi."

Nilimfahamu mama yule tangu nikiwa darasa la nne, na sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Sebuleni hakuna aliyecheka. Nikasikia kibuyu kikiwekwa chini polepole.

"Sisi wetu ni mbega," mzee yule akajibu. "Haigongani. Na huyu mtoto, samaki kwetu hatapikiwa." Kisha akauliza tumefikia wapi kuhusu mbuzi.

Jonesia akaanza kulia kwa sauti, na Shangazi akamkemea kwamba ataharibu poda, huku yeye mwenyewe anajifuta kwa ncha ya kitenge.